Mtoto akiandika 10 − 4 + 3 = 3 msimpige, katii alichofundishwa (uzi wa hesabu za shule ya msingi)

ticha_chaki:

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa hesabu shule ya msingi ya serikali, nina darasa la nne na la tano, mkoa siutaji. Huu mwaka wa kumi na moja nipo na chaki. Darasa la nne lina watoto 94, dawati moja wanakaa watatu, ikinyesha wanakaa wanne maana upande wa dirishani panavuja. Nasema haya mapema ili wale wa "mwalimu gawa makundi ya watoto watano watano" mjue naongelea kutokea wapi.

Kilichonileta ni hiki. Jumanne niliandika ubaoni 10 − 4 + 3, swali la kuamshia akili tu kabla ya somo lenyewe, nikapita na kalamu nyekundu. Daftari la kwanza 3. La pili 3. La tatu 3. Kufika dawati la saba nikageuka kuangalia ubao nikidhani nimeandika vibaya. Mwisho nikahesabu, waliokuwepo 88, waliopata 9 ni watoto 31, watatu wameandika 17 (hao wamejumlisha kila kitu, tuwaache kwanza), na 54 wameandika 3. Watoto 54 hawawezi kukosea kitu kilekile kwa bahati mbaya, na wala hawakuibiana maana wa mbele na wa nyuma hawaonani.

Zamani ningeweka kosa kwenye madaftari yote 57 nikaenda zangu ofisini kulalamika kwamba watoto wa saivi hawana akili. Safari hii nikamwita dogo mmoja mbele nikamwambia hebu nieleze umefanyaje. Akasimama kifua mbele kabisa, "mwalimu, MAGAZIJUTO. JU inatangulia TO. Nimejumlisha kwanza 4 na 3 nikapata 7, afu 10 toa 7, 3."

Jamani. Na hiyo MAGAZIJUTO nimewaandikia mimi mwenyewe wiki mbili nyuma kwa chaki ya rangi, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, tukaiimba mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kulalamika. Kwaio huyu mtoto hajakosea hovyo, katii. Kanitii mimi neno kwa neno, na wale 31 waliopata nimekuja kugundua wengi wao walikuwa wameshasahau wimbo wakafanya tu kutoka kushoto kwenda kulia.

Nikafuta ubao. Nikasema: daladala ina abiria 10. Imefika kituoni wakashuka 4, wakapanda 3. Wako wangapi? Darasa zima TISA! hata wale wa nyuma kabisa ambao huwa nawasikia siku ya uji tu. Nikaandika tena 10 − 4 + 3 nikawauliza hii si ndo daladala yenyewe? Kimya. Afu dogo mmoja akauliza "sasa mwalimu, MAGAZIJUTO inadanganya?" na hapo ndo kipindi changu cha hesabu za sehemu kikafa rasmi, dakika 40 zote tukazimalizia kwenye daladala.

Toka siku hiyo nimeanza kuokota makosa kama mtu anayeokota dagaa. Mengine haya:

Basi limeondoka saa 4:30 asubuhi likafika saa 8:15 mchana, limetumia muda gani? Jibu la wengi saa 3 na dakika 85. Wamekopa kama kawaida, moja ya saa wameigeuza 100 badala ya 60, kwahiyo kutoa wanajua, tatizo hawajui wamekopa noti gani. Nikawauliza kuna saa yenye dakika 85? wakacheka wenyewe.

Nusu jumlisha theluthi, jibu 2/5. Juu kwa juu, chini kwa chini. Hili nilileta muwa darasani. Nikakata nusu, nikasema huyu ana nusu muwa, naongeza kipande kingine, atakuwa na zaidi ya nusu au pungufu? Zaidi. Haya 2/5 na nusu ipi kubwa? Ilichukua muda ila waliona, yaani umeongezewa muwa afu muwa ukapungua, hata mwizi hawezi hivo.

Sasa nauliza walimu na wazazi humu, nyie makosa gani mmekutana nayo yenye sababu yake ndani? Na mnafanya nini hesabu isiwe adhabu? Mimi hesabu naipenda kweli, inaniuma mtoto akifika la tano kashaamua yeye sio mtu wa hesabu, ana miaka kumi.

bwana_nyavu:

Nimesoma yote na mie sio mwalimu, navua samaki. Nina miaka 41 na mpaka leo ukiniuliza saba mara nane kwa ghafla sioni namba, naona fimbo. Tulikuwa tunasimama mstari mmoja tunatajishwa taimzi tebo, ukikwama unalamba moja kwa kila namba uliyokosa. Nilikuja kujua saba mara nane ukubwani, mtu aliniambia hesabu tano sita saba nane, 56 ni 7 mara 8. Basi ikakaa. Miaka yote ile ilikuwa inahitaji sentensi moja.

mtu_wa_silabasi:

Mleta uzi unaandika vizuri ila tuongee ukweli. Darasa 94, kipindi dakika 40, silabasi ndefu, mtihani wa darasa la nne wa taifa huo hapo mlangoni, we unatumia kipindi kizima swali moja la darasa la pili? Mkaguzi akija atakuta umefika mada ya ngapi? Mtoto wa la saba maswali mengi anashedi tu herufi ya jibu, hapo hakuna anayemuuliza umefanyaje. Wafundishwe njia, wafanye mazoezi mengi, wafaulu, kupenda watapenda mbele ya safari. Mimi mwenyewe nilifundishwa kwa kukariri na leo ni mhasibu.

ticha_chaki:

Mkuu @mtu_wa_silabasi hoja yako naiheshimu na muda ndo kidonda chenyewe. Ila hesabu yangu mimi ni hii, kama 54 kati ya 88 wanajua kitu kibovu na wanakijua vizuri, mazoezi mengi yatawafanya wakijue kibovu zaidi. Nitawapa maswali 50 wataandika 50 kwa uhodari.

Afu simuulizi kila mtoto. Napita haraka naangalia majibu tofauti yaliyopo, naandika ubaoni mfano 9, 3, 17 bila kusema nani kaandika wala lipi sahihi. Kila dawati ni watatu, mmoja anawaeleza wenzake mtu aliyepata 3 alifanyaje. Sio wewe umepata ngapi, hapana, *yule aliyepata 3 aliwaza nini*. Hapo hata aliyekosa haoni haya maana anaeleza ya mtu mwingine. Dakika nane zinatosha. Ile siku ya daladala ilikula kipindi kizima kwasababu mimi mwenyewe nilikuwa sijajiandaa kujibu swali la yule mtoto.

Na shule za msingi zikitoa watoto waliofaulu kwa kushedi afu form four wanaofeli hesabu wanakuwa wengi kuliko wanaofaulu, kila mwaka matokeo yakitoka tunashangaa upya, tunashangaa nini?

fundi_saa:

Ngoja niingie hapo kwenye MAGAZIJUTO maana watu wanalaumu neno zima wakati kosa liko kwenye silabi mbili za mwisho.

Chukueni kalamu. GA kabla ya ZI haina madhara. 24 ÷ 4 × 2, ukigawanya kwanza unapata 6, mara 2, 12, sahihi. 6 × 10 ÷ 5, ukigawanya kwanza 10 ÷ 5 ni 2, mara 6 ni 12, na ukienda kushoto kulia 60 ÷ 5 ni 12 vilevile. Jaribuni mnavyotaka, kugawanya kukitangulia kuzidisha jibu haliharibiki.

Sasa JU kabla ya TO ndo nyoka. 10 − 4 + 3, ukijumlisha kwanza umeshaharibu, ile alama ya kutoa iliyo mbele ya 4 umeitandaza ikaifunika na 3. Waliokuwa wanapanda gari umewashusha. Lingekuwa MAGAZITOJU mtoto angetoa kwanza, 10 − 4 ni 6, jumlisha 3, 9. Na 10 + 4 − 3 angefanya 4 − 3 ni 1, jumlisha 10, 11, sahihi pia.

Ila hata hilo halitoshi. 2 + 3 − 5, akianza kutoa anakutana na 3 − 5, mtoto wa la nne anakwama. Na 6 × 5 ÷ 3, akianza kugawanya anakutana na 5 ÷ 3, anaanza kuhangaika na sehemu wakati jibu ni 10. Dawa ni kumwambia ukweli tu kwamba kugawanya na kuzidisha ni ndugu wa tumbo moja hakuna mkubwa, kujumlisha na kutoa vilevile, anayetangulia ni aliyekaa kushoto. Wimbo una mistari mitano lakini ngazi ni tatu.

ticha_chaki:

Daah. Miaka kumi na moja nafundisha hiki kitu na sijawahi kuona kwamba GAZI salama JUTO hatari. Kesho naingia na hii, asante sana mkuu.

mwana_mvita:

Salamu kutoka Mombasa. Sisi huku twaita BODMAS na ugonjwa ni huohuo, jumlisha imewekwa mbele ya kutoa. Mwanangu yuko gredi ya tano, juzi nimempa hiyo 10 − 4 + 3 yako kaniandikia 3 akanitazama kama mimi ndiye sijui. Nikamwambia matatu ina watu 10, wakashuka 4… akaniambia baba si ungesema ni matatu tangu mwanzo 😂

dada_wa_minnesota:

Mimi niko Marekani, watoto wanasoma huku. Huku wanafundishwa PEMDAS, na hii kwa maelezo ya @fundi_saa ni mbaya mara mbili maana zidisha imetangulia gawanya. Mwanangu 24 ÷ 4 × 2 kaandika 3, kazidisha kwanza 4 × 2 akapata 8. Kwaio Tanzania, Kenya, Marekani, kila mtu ana wimbo wake na kila wimbo una nyoka wake. Zile hesabu zinazozunguka mitandaoni watu wazima wanatukanana kuhusu jibu, nyingi ni hilihili, mtu anagombania wimbo wa darasa la nne.

mzee_wa_kete:

Wanangu mnaongea vizuri. Mimi nimestaafu ualimu, niko pwani, nacheza bao jioni. Niwaambie kitu ambacho hakina gharama.

Bao lina mashimo 32, safu nne, kila safu mashimo nane. Kete 64. Lile bao la kujifunza, la watoto, kila shimo unaweka kete mbili. Basi hapo kabla hamjacheza ushapata somo, 4 mara 8, 32 mara 2, 64 gawa kwa wachezaji wawili kila mmoja 32. Likija bao lenyewe la wakubwa, kila mchezaji nyumba yake, lile shimo kuu, inaanza na kete 6, mashimo mawili ya jirani mbili mbili, zinazobaki mkononi ngapi? Mtoto anayetaka kucheza atazihesabu 22 hizo kwa hiari yake bila fimbo.

Na mchezaji hahesabu shimo mojamoja. Ana kete saba mkononi anajua zitaishia wapi kabla hajasogeza kidole, na akifika pale anakula au analala, yaani zamu yake inaisha. Nilikuwa nachimba mashimo chini ya mwembe nje ya darasa, kete tunatumia mbegu za komwe. Walimu wenzangu walisema nafundisha watoto uzembe. Watoto haohao ndio walikuwa wepesi kwenye kuzidisha nne na nane, sikusema kitu.

Jambo lingine ni vipimo. Tulifundisha vibaba vinne pishi moja kwa mdomo, mtoto anaimba. Chukua kibaba cha kweli na mchele au mchanga, mimina mara nne, aone pishi inajaa. Nusu pishi ni vibaba vingapi? Kibaba ni sehemu gani ya pishi? Huyo kashasoma robo na hajui kama kasoma.

ticha_chaki:

Shikamoo mzee. Mashimo chini ya mwembe naanza wiki hii, mwembe upo na komwe zipo, ruhusa ya mwalimu mkuu nitaitafuta baadaye.

mchumi_mtaani:

Mzee kanikumbusha kitu. Kuna utafiti maarufu ulifanyika Recife, Brazil, ukatoka 1985. Watafiti walienda sokoni kwa watoto wanaouza vitu barabarani, watoto watano tu, wakajifanya wateja. Mmoja wa miaka 12 anauza madafu, moja 35, akaulizwa kumi bei gani. Darasani tungemwambia weka sifuri mwisho. Yeye akaenda kwa mafungu, matatu 105, sita 210, tisa 315, ongeza moja, 350. Pale sokoni karibu kila swali walipatia, 98 kwa mia. Baadae wakapewa hesabu zilezile kwenye karatasi, namba tupu, wakashuka mpaka 37 kwa mia. Watoto walewale!

Huku kwetu tunao hao. Dogo anauza karanga stendi, mpe elfu tano ya karanga za 700, anakurudishia 4,300 huku anakimbilia dirisha lingine la basi. Mwandikie 5000 − 700 na mistari miwili chini uone anavyokopa mpaka anapotea.

mtu_wa_silabasi:

Huo mfano wa karanga unanipa nguvu mimi. Dogo kakariri chenji kwa kurudia rudia kila siku. Ni mazoezi mengi hayo hayo ninayoyasema!

mchumi_mtaani:

Mkuu sio kukariri, mpe bei mpya ambayo hajawahi kuuza uone. Anaanza na 700, anasema mia tatu inafika elfu, elfu mbili tatu nne tano, anahesabu kwenda juu. Hakopi popote. Anapanda ngazi kutoka bei mpaka hela uliyompa. Mazoezi kayafanya mengi nakubali, ila kafanya ya kitu anachokielewa. Tofauti iko hapo.

mtu_wa_silabasi:

Sawa hapo nakubali nusu. Robo tatu ukitaka.

mama_wawili:

Mimi mzazi, binti yangu yuko la nne (sio kwa mwalimu, shule nyingine kabisa). Uzi huu nimeusoma nikiwa jikoni nikaunguza vitunguu. Naomba kuuliza, sie wazazi ambao hesabu ilitushinda tunasaidiaje nyumbani? Mimi akiniletea kazi ya nyumbani najikuta nasema "hata mimi nilikuwa sijui hesabu, muulize baba yako". Afu leo ndo nawaza hivi namfundisha nini nikisema vile.

ticha_chaki:

Mama, hilo la mwisho umeshajijibu mwenyewe. Huhitaji kujua hesabu zaidi yake, tumia swali moja tu, *umefanyaje?* Muulize hata akiwa kapatia. Ukiuliza siku amekosa tu atajua umefanyaje maana yake umekosa, na wangu mwanzoni walikuwa wanafuta haraka haraka nikiuliza, mpaka walipozoea.

Na mchezo wa kukisia. Mimi nilileta chupa ya maji ya nusu lita imejaa punje za mahindi, kila mtu akisie ziko ngapi. Wakasema mia, wakasema elfu tano, mmoja milioni. Tukahesabu kwa vizibo vya soda, kila kizibo punje kumi, vizibo kumi tunavifunga mfuko mmoja. Ikatoka mifuko kumi kamili, vizibo sita na punje nne. Nikaandika ubaoni 1,064. Mtoto mmoja akanyoosha mkono, "mwalimu mbona mia zimeandikwa sifuri na sisi tumefunga mia kumi?" Hili swali lilinifurahisha kuliko mshahara. Mwenzake akamjibu kabla yangu, mia zako zote zimeshaenda kuwa elfu. Mimi sikuongeza neno, nikakaa kwenye kiti.

Nyumbani tumia kikombe cha maharage kabla hujayabandika. Kisia wewe, akisie yeye, aliyekaribia asioshe vyombo.

kidato_cha_zamani:

Na lugha je? Nasikitika hamjaigusa. Kiswahili ni kizuri sana kwa hesabu, kumi na moja imejieleza yenyewe, kumi na moja juu yake, majina ya kiingereza ya 11 na 12 hayakwambii kitu. Mtoto wa shule ya serikali anaelewa sehemu, asilimia, pembetatu, anafika form one anakuta kila kitu kimebadilishwa jina. Binafsi nilikaa muhula mzima sijui kwamba ile kitu ya kiingereza ndo kigawe kidogo cha shirika, na niliipenda sana KDS.

bwana_nyavu:

KDS 😂😂 umenirudisha mbali mkuu. Ila hiyo mada ya lugha ifungulieni uzi wake, ikiingia hapa hatutoki.

ticha_chaki:

Kabla hatujalala nawaachia la kufurahisha, nililitoa Ijumaa. Watoto kumi wamekutana, kila mmoja anampa mkono kila mwenzake mara moja tu. Mikono imepeanwa mara ngapi? Fundi saa usijibu.

mwana_mvita:

100.

mwana_mvita:

Ngoja, mtu hajipi mkono mwenyewe. 90.

bwana_nyavu:

Nimeita vijana hapa ufukweni tuko watano tumepeana mikono kweli, nimehesabu 10. Nikitumia hesabu ya Mvita ingekuwa 20. Kumbe mimi nikikupa mkono na wewe umenipa, ni mmoja huo. Kwaio 90 nusu yake, 45.

ticha_chaki:

Umepiga. Na watoto wangu walifika hivohivo, niliwasimamisha wanne mbele wakapata 6. Kuna aliyeona njia nyingine, wa kwanza anatoa mikono 9, wa pili anabaki na 8 maana na wa kwanza wameshamalizana, wa tatu 7, mpaka 1. 9+8+7+6+5+4+3+2+1. Wote 45. Darasa likagombana njia ipi tamu na kengele ikalia hakuna aliyetoka. Kengele ya KUTOKA.

mama_wawili:

Samahanini narudi usiku huu. Nimempa binti yangu ile 10 − 4 + 3. Kapata 9. Nikamuuliza umefanyaje, kashangaa kwanza, kaniangalia kama naumwa. Afu kasema nimeanza kushoto. Nikasema haya kama ungeanza na ile 3 ya mwisho je, 3 − 4 + 10, si ni namba zilezile? Nilisema tu kuchokoza, hata sijui kama inaruhusiwa.

ticha_chaki:

Inaruhusiwa sana mama, ila 3 − 4 la nne hawajasoma namba hasi, atakwama hapo. Kasemaje?

mama_wawili:

Kakaa kimya muda. Kasema "3 haitoshi kutoa 4, nitakopa moja kwa Mangi". Mangi ni wa dukani hapo nje. Kaandika kwenye daftari *deni 1*, kwa maandishi, hakuandika namba tu. Afu kasema sasa nimepata 10, namlipa Mangi moja yake, nimebaki na 9. Kaenda kulala. Mwalimu, hii nayo ni sahihi?